Sahani Aliyoimaliza Bendera

Benchi la Soli liko nje ya ukuta wa nyumba za reli, Makongeni, upande ambao jua la asubuhi halifiki mpaka saa nne. Soli ni Wahome, fundi wa viatu, na benchi ni la wateja wanaongoja viatu vyao, ila wateja husimama kwa sababu sisi tumekaa. Sisi ni Spana, yaani Kinyanjui wa gereji, na mimi, na Mzee Mbaluka, tunayemwita Bendera kwa kuwa aliwapungia bendera madereva wa treni miaka thelathini na moja. Dirie hupita na birika lake la kahawa ya tangawizi, na akiona mjadala umeiva huliweka chini naye akakaa. Alhamisi hiyo Bendera alikuja na simu mkononi, akatuonyesha meseji ya binti yake Mwelu. Ilikuwa imengoja jibu tangu Jumapili: "Baba, uliondoka bila kuniaga. Chakula changu kilikuwa kibaya?"

Mwelu anapika kwenye hoteli moja ya Wachina huko Kilimani, hoteli ya pilipili. Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda polepole, na mwezi uliopita akakabidhiwa jiko. Jumapili akamwita baba yake aje aonje mkono wake. Sasa Bendera alitaka tumsaidie kujibu. Alikosea watu, lakini hakuwa na wengine.

Spana: Kwani uliondoka aje, mzee?

Bendera: Nilitoka tu. Nilikuwa nalia.

Spana: Kulia kulia?

Bendera: Machozi, kamasi, jasho. Ulimi umekufa ganzi, midomo inatetemeka kama ya mtoto aliyetoka kuoga maji baridi. Na wenzake wa jikoni wamejaa mlangoni wananitazama. Nikaona ama nimwaibishe kwa kulia, ama kwa kutoka. Nikatoka.

Soli: Alikupikia nini?

Bendera: Kuku. Vipande vidogo, vimefukiwa kwenye pilipili kavu, sahani kubwa kama ungo. Pilipili ndizo nyingi, kuku unamtafuta. Akaileta mwenyewe, akavua aproni, akaketi mbele yangu. Kila mtu na kibakuli chake kitupu na vijiti. Mimi nikaomba kijiko, kibakuli nikaweka mifupa.

Dirie: Na pilipili ukazila?

Bendera: Zote.

Dirie alimmiminia kahawa ya bure, kwa heshima.

Bendera: Mwelu aliniambia, Baba, hizo ziache, haziliwi. Nikamwambia, chakula chako hakiachwi. Mama yangu kule Mwingi alitulea hivyo. Binti akikupikia kwenye jiko lake mara ya kwanza, unamaliza mpaka sahani inang'aa. Ukibakisha, umemwambia hajajua kupika. Basi mimi nilimaliza. Saa hii ananiuliza kama kilikuwa kibaya.

Nilimwonea huruma. Mtu amekula moto kwa ajili ya mwanawe, halafu mwanawe anadhani amedharauliwa. Lakini benchi letu lina ugonjwa wake. Ukiliuliza swali moja, linakurudishia kumi ambayo hukuuliza.

Spana: Hiyo kitu ya kufisha ulimi mimi naijua. Kuna punje ziko ndani, kama pilipili manga. Ni ile dawa daktari wa meno anakudunga. Ulimi ikilala, mteja hawezi lalamika. Utasema chumvi imezidi na nini?

Soli: Wewe unaongea juu juu. Huo ni mtihani. Mwenye hoteli yuko nyuma ya pazia, anaangalia ni mzazi gani amevumilia. Ukimaliza, binti yako anapandishwa cheo.

Spana: Cheo si alishapewa?

Soli: Cha pili.

Spana: Acha nikushow sasa. Wale wasee wa China waliojenga reli mpya, unadhani jua ya Tsavo waliiweza na kofia? Ni hizo pilipili, buda. Jasho ikitoka hivyo, mwili unapoa wenyewe. Bendera angekula hizo zamani, angesimama stesheni mchana kutwa na asichoke.

Soli: Na treni ingesimama bila bendera, ikiona tu uso wake ulivyo mwekundu.

Tulicheka. Mimi nami, sitajitoa, nilisema pilipili hizo zingepelekwa bungeni, hotuba zingekuwa fupi. Bendera hakucheka. Alifuta kioo cha simu kwa upindo wa koti, akaisoma tena meseji ile kana kwamba ingebadilika.

Bendera: Nimjibu nini?

Soli: Mwandikie kilikuwa kitamu.

Bendera: Baada ya kipande cha tatu sikujua ninachokula. Nimdanganye mtoto?

Spana: Mshow kulitokea emajensi.

Bendera: Nani alinipigia? Simu ilikuwa hapo mezani.

Dirie: Mzee, mwambie tu ukweli. Pilipili ilikushinda.

Bendera: Haikunishinda. Nilimaliza.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja amevaa kandambili mguu mmoja na kiatu mguu wa pili. Alisema anaitwa Syombua, amehamia plot ya nyuma juzi kutoka Tassia, na kiatu alichoshika mkononi kimeachia gundi. Soli akakipokea. Hakukuwa na nafasi ya kukaa, na hakuna aliyeinuka, kwa hiyo alisimama akisikiliza. Spana alimpa habari yote kwa ufupi, na zile nadharia zetu zote, kwa urefu.

Syombua: Na huyo binti, ukila alikuwa wapi?

Bendera: Nimesema. Alikaa mbele yangu.

Syombua: Sahani zilikuwa ngapi?

Bendera: Moja. Ile kubwa.

Syombua: Sasa yeye alikula nini?

Soli alikuwa ameinua nyundo, akaishusha polepole bila kugonga. Spana alitazama viatu vyake. Dirie aliinamisha birika kwenye kikombe changu, yakatoka matone mawili na vipande vya tangawizi, akalifunika. Tangu asubuhi tulikuwa tumeijadili sahani ile kwa kila upande, na kumbe hakuna hata mmoja wetu aliyemweka Mwelu mezani.

Bendera aliiweka simu magotini.

"Kibakuli chake kilikuwa safi," akasema mwishowe. "Kilikuwa safi mpaka naondoka. Alikuwa ameshika vijiti. Sahani ilikuwa yetu wawili."

Mimi niliinuka, nikampisha Syombua akae, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema.

Mzee hakuandika meseji. Alipiga. Iliita mara nyingi, nasi tukajifanya tunatazama barabara.

"Mwelu," akasema. "Umekula?"

Alisikiliza. Sisi hatukusikia kitu, ila tulimwona akifuta macho, na safari hii hakukuwa na pilipili ya kusingizia.

"Basi usile bado," akasema. "Ningoje nakuja, tule wote. Na hizo pilipili nitaziacha."