Meza ya Delmar Tveit na Risasi za Mwisho

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Lorna, dada yake Delmar, nimepewa kazi hii ya kuwasomea maisha yake kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki katika watoto wa mzee Tveit, na pia kwa kuwa nasoma haraka, jambo ambalo marehemu angelipenda, maana hakuwahi kumaliza ibada hata moja kanisani humu bila kutoka nje kuangalia kama gari lake bado lipo.

Delmar alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, shambani kwetu, kaskazini mwa mji huu wa Kolstad, Montana, mtoto wa kwanza wa Einar na Gudrun Tveit, akasoma shule ya hapa hapa hadi Mei 1964, na walimu wake walipomkabidhi cheti walikuwa na furaha kuliko yeye. Alivuna ngano, akaendesha lori la nafaka, akachimba visima, akaacha, akarudi, akaacha tena, mpaka mwaka 1971 alipoajiriwa relini, kazi aliyodumu nayo hadi alipostaafu mwaka 2009, nadhani kwa sababu ilikuwa ikienda mahali.

Tarehe 14 Juni 1969 alimwoa Ardis Lindqvist, huyu mliyemwona akikataa kuketi asubuhi hii, wakajaliwa Wade mwaka 1972 na Karla mwaka 1975. Ardis ananiambia kwamba miaka ile ya mwanzo alidhani ameolewa na upepo, mume anakula amesimama, anazungumza akiwa mlangoni, mpaka Delmar alipochukizwa na risasi za dukani, akafunga mashine ya mkono kwenye meza ya gereji, akaanza kujitengenezea za kwake. Ganda lililokwisha kupigwa linasafishwa na kurudishwa umbo lake, fataki mpya, kile kidude kinachowasha baruti, inawekwa kitakoni, baruti inapimwa kwenye mizani ndogo kuliko ya duka la dawa, na kichwa cha risasi kinashindiliwa juu, na kazi hiyo yote haitaki haraka, haitaki redio, haitaki maneno. Kwa mara ya kwanza mke akamwona mumewe ameketi.

Lakini alianza kama wanavyoanza wengi, kwa kujiamini kupita kiasi, akaweka mezani kwa wakati mmoja makopo mawili ya baruti za aina mbili, na siku moja ya Oktoba 1973 akajaza baruti ya bastola katika maganda ya bunduki ya kuwindia. Bunduki ilipasukia mikononi mwake, ikamchukulia ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ardis alimfunga kitambaa huku akimfokea: "Una mtoto wa mwaka mmoja, Delmar! Vidole vikiisha nani atakufunga viatu, mimi?"

Naye, ambaye hakuwa mtu wa ahadi, akaahidi mambo mawili, kwamba meza ile haitaona tena makopo mawili kwa pamoja, na kwamba siku mikono yake itakapoacha kuaminika, hatangoja kuambiwa, baruti itatoka nyumbani.

Nanyi wawindaji mliokaa huko nyuma mnaijua desturi yetu, mtu hapigi risasi iliyotengenezwa na mwenzake, wala hagusi meza ya mwenzake, hata wakiwa wamenyonya ziwa moja. Ni Wade peke yake aliyeruhusiwa, naye tangu msimu wake wa kwanza hakuwahi kuangusha kulungu kwa risasi nyingine isipokuwa za baba yake.

Ugonjwa wa kutetemeka ulimwanza Novemba 2019, ukafuatiwa na ule wa kusahau, hata Krismasi ya mwaka uliofuata akaniita Mama, akaniuliza ng'ombe wamekamuliwa. Hata hivyo kila asubuhi alikwenda gereji, na Ardis, akiwa jikoni, akawa anausikia mkono wa mashine ukipanda na kushuka, asiweze kuingia.

"Mama, mnyang'anye," Wade alisema.

"Nimnyang'anye nini? Nikimtoa pale atakufa wiki hiyo hiyo."

Masanduku yakajaa, rafu ikajaa, risasi za mtu asiyekumbuka jina la mkewe, na nyumba nzima ikaishi roho juu kwa miaka minne, mimi nikiwamo, sikuwa na usingizi wa maana. Delmar alifariki dunia hospitalini tarehe 2 Oktoba 2023, alfajiri, baada ya kujaribu mara kadhaa kushuka kitandani.

Hapa karatasi niliyoandaa inaishia, yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu huko chini ukumbini, kina mama wakikata mikate. Asubuhi hii Wade alikuja na bunduki na sanduku moja la risasi hizo, akitaka kupiga tatu kaburini kumuaga baba yake. Ardis akasimama mbele ya mlango wa gari.

"Hupigi hizo."

"Ni za Baba, Mama. Sijawahi kuzikataa, nizikatae leo?"

"Nimeshapanga kuzika mmoja! Shangazi yako anasikia, nimesema mmoja!"

Mimi nilikuwa na baridi na nimechoka, nikatia mkono sandukuni, nikachomoa moja na kuigeuza, jambo ambalo hakuna Tveit aliyethubutu kulifanya kwa miaka minne. Kitakoni hapakuwa na fataki, palikuwa na tundu tupu. Nikaitikisa sikioni, haikulia. Nikageuza ya pili, ya tatu, sanduku zima, hamna fataki, hamna baruti, maganda yaliyong'arishwa vizuri na vichwa vilivyoketi sawasawa, basi.

Wade alikaa chini kwenye theluji na suti yake. Ardis yeye alikuwa akitazama mbali, akasema polepole, "Ile mbolea."

Maana majira ya kuchipua ya 2020 Delmar alimwaga makopo yake yote ya baruti kwenye nyasi nyuma ya gereji, kama wanavyofanya wenye baruti ya zamani, akamwambia mkewe ni mbolea, na nyasi zile zikaota kijani kibichi hata nyote mkamtania. Alitimiza ahadi kabla hajaisahau, kisha akaendelea kuketi.

Kwa hiyo leo kaburini hakutakuwa na mlio. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuondolea theluji njiani, wenzake wa relini, na kina mama wa jikoni.

Delmar, kaka yangu, gari lako lipo, nimeliangalia mwenyewe. Pumzika.