Kurasa Zilizopigwa Cherehani

Kijiwe chenyewe si cha kujivunia: ubao mmoja mrefu juu ya makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, mbele ya kibanda cha fundi cherehani ambaye watu wote humwita Pindo, kwa sababu hakuna nguo itakayopita mbele yake asiseme pindo lake limekaa vibaya. Upande wa barabarani hukaa Soli, mshona viatu, anayeongea misumari ikiwa mdomoni na hajawahi kumeza hata mmoja. Upande wa kibanda hukaa Wakili, mzee aliyestaafu kazi ya kubeba mafaili mahakamani. Sheria hajasoma hata ukurasa, lakini ukimsalimia tu atakuuliza una ushahidi gani. Katikati, ubao unapobonyea, hukaa Shangazi mwenye birika, na hapo hapana ubishi kwa sababu kahawa ni yake. Alasiri hiyo alikuwepo na mteja mmoja aliyekatikiwa zipu. Aliingia nyuma ya pazia la kujipimia, akavua suruali, na humo akasahauliwa.

Kilichofanya asahauliwe ni kitabu. Pindo alitoka nacho kibandani amekishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota nguo ya ndani asiyemjua mwenyewe.

— Hiki ni cha sita, alisema. Cha saba, cha mwisho, nimekichukua leo kwa muuza vitabu, kimo kwenye droo ya cherehani. Binti yangu anakifuata akitoka shule. Hebu niambieni ndugu zangu, nimpe au nisimpe?

— Kina nini? aliuliza Soli.

— Kina kifo. Kina mama mgonjwa. Kina watu wazima wanaosema uongo. Tazama na jalada lenyewe, jeusi tii! Wakati cha kwanza kilikuwa cha njano, nikimsomea mwenyewe akiwa kibogoyo. "Siku waliyotoka sokoni, wingu dogo lilimfuata yule msichana mpaka nyumbani." Ndivyo kilivyoanza. Wingu linaiba sukari. Wingu linanyesha ndani ya kiatu cha mwalimu mkuu. Tulicheka mpaka mama yake akaja kutuzimia taa.

Aliposema "mama yake", wenzake wote watatu waliangalia vikombe vyao.

Kisa walikijua. Mke wa Pindo alikuwa amelazwa hospitali ya mji mwingine tangu mvua zianze; alishapasuliwa mara moja na alikuwa anasubiri kupasuliwa tena. Mwenyewe ndiye aliyeomba mtoto asiambiwe mpaka mitihani ipite. Kwa hiyo Pindo alimwambia binti kwamba mama amekwenda kumuuguza mama mdogo aliyejifungua mapacha. Sasa uongo ukishazaliwa unataka kulishwa, na kijiwe kikaulisha bila uvivu. Shangazi aliwapa mapacha majina. Wakili aliamua kwamba mmoja ana hasira. Soli, kwa wema uliopitiliza, alishona jozi mbili za viatu vidogo vya ngozi laini, akampa binti avipeleke kwa mama siku atakayokwenda. Binti alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavitazama muda mrefu kuliko viatu vinavyostahili kutazamwa.

— Sasa ndani ya hiki cha sita, Pindo aliendelea, sauti chini, mama wa yule msichana anaugua. Na watu wa nyumbani wanamwambia msichana kwamba mama kaenda ziwani kuchota chumvi. Niliisoma sura hiyo kabla ya kumpa. Ni kama mtu alisimama dirishani kwangu akaandika.

— Ukafanyaje? aliuliza Shangazi.

— Nikaipiga cherehani.

— Ukaipiga nini?

— Sura nzima. Uzi mweupe, mshono mdogo, kuzunguka ukingo wote. Asiyejua angedhani kimetoka kiwandani hivyo.

— Ni kitabu gani kinatoka kiwandani kimefungwa kama foronya? alisema Wakili. Endelea, shahidi.

— Leo asubuhi nimekikuta kitandani kwake. Uzi umefumuliwa wote. Hakuna ukurasa uliochanika hata kidogo. Ametumia kisu changu cha kufumulia.

Hapo sauti ya Pindo ilichanganya hasira na fahari, na fahari ilikuwa inashinda.

— Amesemaje? aliuliza Shangazi.

— Hajasema kitu. Kanywa chai, kaniaga, kaenda shule. Ndiyo maana naogopa.

Soli alitoa misumari mdomoni, jambo analolifanya mara chache sana.

— Kaka, mwandishi ameachwa huyo. Ni wazi. Kitabu cha kwanza yuko kwenye mapenzi, wingu linaiba sukari. Cha tatu wameanza kununiana. Cha sita kaachwa, kakaa peke yake na sufuria chafu, anasema sasa watoto wa watu watanitambua.

— Thubutu! alisema Shangazi. Watu wa kuachwa nawajua, hawana nguvu ya kuandika vitabu sita. Huo ni mtego. Kwanza wanampa mtoto utamu, anazoea, anampenda yule msichana kama dada yake. Akishanasa, ndipo wanaanza kuwaua watu mmoja mmoja. Angekutana na kifo kwenye kitabu cha kwanza si angekitupa?

— Kwani walimuua nani? aliuliza Wakili.

— Cha nne, mlinzi wa kisima, alisema Pindo kwa huzuni. Mzee wa watu, mpole, alikuwa anawatengenezea watoto filimbi.

— Lo! Mpaka mlinzi wa kisima! alisema Shangazi, akajimiminia kikombe bila kumuuliza mtu.

Wakili alikohoa kwa namna ya kuomba mahakama ikae kimya.

— Ushahidi nyuma ya jalada, alisema. Leta hapa. Tazameni picha ya mwandishi. Mimi kitabu cha kwanza nilikiona hapa hapa kibandani, na picha ilikuwa inacheka, meno yote nje. Hapa je? Mdomo umefungwa. Meno yamekwenda wapi?

— Labda yameng'oka, alisema Shangazi.

— Yameng'oka, au huyu si yule? Nawaambia mwandishi wa kwanza amefichwa mahali. Wamemweka mwingine, pua ile ile, moyo tofauti.

Soli hakukubali kuzidiwa. Alishuka kwenye ubao akachuchumaa mbele yao, ishara ya kwamba sasa anasema jambo zito.

— Sikilizeni. Kitabu cha kwanza mtoto anakisoma saa ngapi? Mchana, tena sebuleni. Na cha sita? Chini ya shuka, mlango umefungwa, na tochi. Haya niambieni, nani anauza betri?

Hata Shangazi, ambaye hamwamini Soli hata akisema leo ni leo, aliacha kikombe hewani.

— Hadithi ikizidi kuwa na giza, Soli alisema taratibu, betri zinazidi kuisha.

— Hiyo ni ndogo, alisema Wakili. Mimi nauliza, wamejuaje? Wamejuaje mambo ya nyumba ya Pindo? Mama mgonjwa, uongo wa safari, vyote vimo. Kwa hiyo kuna mtu anapita mitaani anasikiliza watoto wanaogopa nini, halafu anapeleka habari. Mtu wa kawaida tu. Anakaa mahali, hasemi neno, anajifanya ana shida ndogo ndogo.

Macho manne, kisha sita, kisha manane yakageukia pazia.

— Mimi nasubiri zipu, ilisema sauti kutoka nyuma ya pazia.

— Kila mtu anasubiri kitu! alifoka Wakili. Umeingia humo tangu lini?

— Tangu mwandishi hajaachwa.

Pindo hakucheka. Aliingia ndani, akavuta droo, akakitazama kitabu cha saba bila kukigusa. Kilikuwa kinene kuliko vyote. Alihesabu moyoni wahusika wakuu waliobaki hai kwenye hadithi: msichana, wingu, na mama kitandani. Aliogopa vibaya sana. Kama mama yule atakufa ndani ya kitabu, binti atamlilia nani, na atamwangalia baba yake kwa jicho gani? Alirudisha droo, akageuza ufunguo, akautia mfuko wa shati.

— Nimeamua, alisema akitoka. Nitamwambia hakijafika.

— Umefanya la maana, alisema Shangazi.

— Na mimi nitasema duka limefungwa, alisema Soli.

— Kwa msiba, alimalizia Wakili, kisha akaona alichosema, akajifuta midomo.

Binti akatokea kona ya barabara na mkoba mgongoni. Mtoto wa fundi, lakini sketi ya shule ilikuwa imemkimbia magoti, na ni mteja wa nyuma ya pazia pekee aliyeliona hilo, maana hakuwa amemzoea.

— Shikamoo baba. Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia kwa pamoja, haraka mno.

— Hakijafika, alisema Pindo kabla hajaulizwa.

— Duka limefungwa, alisema Soli.

Binti aliwatazama mmoja mmoja bila haraka, kama mtu anayechagua kitambaa na anajua kabisa wanataka kumuuzia kilichopauka. Wakili akaona hatari, akaona bora aanze yeye kuuliza.

— Njoo hapa mjukuu wangu. Wewe ndiye msomaji. Tuambie ukweli, hivi vitabu vilianza kuingia giza kuanzia cha ngapi? Cha nne?

— Ukurasa wa kwanza, babu.

— Wa cha nne?

— Wa cha kwanza.

Alifungua mkoba, akatoa kitabu cha njano, pembe zake zimelika. Alisema kwamba alipoikuta sura ya cha sita imeshonwa, alijiuliza kama kuna nyingine iliyowahi kushonwa bila uzi. Ndipo akarudi kwenye vile alivyosomewa, akavisoma mwenyewe. Hakusema kwa ukali. Alifungua mwanzo akasoma:

— "Siku waliyomzika baba yake, wingu dogo lilimfuata yule msichana mpaka nyumbani."

Soli alikaa chini. Shangazi akasema, "Haa."

— Si sokoni? aliuliza Wakili.

— Hakuna soko, babu. Na wingu linaiba sukari kwa sababu tangu mazishi nyumbani hakuna anayepika.

Pindo alikitazama kitabu, akamtazama binti. Alitaka kubisha, maana soko alilikumbuka vizuri, na vikapu, na jua. Kisha akajikumbuka amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto kibogoyo kwapani, jicho likitangulia mbele ya mdomo, akikata hapa na kuunganisha pale ili asimtishe. Alikuwa amerudia mara nyingi hata mwenyewe akaamini. Mwandishi hakuwa ameachwa, wala hakufichwa mahali. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Ulikuwa mdogo, mwanangu, alisema.

— Najua, baba. Na ulikuwa unasoma vizuri. Nilipenda lile soko.

Alikifunga kitabu akakirudisha kwenye mkoba. Kisha akauliza, na hakumwuliza baba yake tu, aliwauliza wote, mmoja baada ya mwingine kwa macho:

— Mama yuko wapi?

Wakili, ambaye kwa maisha yake yote hajawahi kukosa swali la kujibia swali, alitazama barabarani. Soli alirudisha misumari mdomoni, yote, mpaka shavu likavimba. Shangazi aliinua birika amimine, ikatoka tone moja na machicha. Akaendelea kuishika hivyo hivyo imeinama.

— Mama yako yuko kwa mama yako mdogo, alianza Pindo. Wale mapacha wameanza...

— Baba, alisema binti. Soma kama ilivyoandikwa.

Pindo alikaa kwenye ubao, mahali pa Soli, na mikono yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. Akaiweka juu ya magoti.

— Mama yako amelazwa, alisema. Wamempasua tumbo mara moja. Watampasua tena wiki ijayo. Wanasema huenda akapona, na huenda asipone.

Binti alivua mkoba, akakaa karibu naye mpaka mabega yakagusana. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

— Endelea, alisema.