Scovia Yangi na Mwenzake wa Koboko

Dada yetu Scovia Yangi alizaliwa tarehe 4 Machi 1976 huko Manibe, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Draku na Mama Pasca, ambaye tuko naye hapa leo.

Alisoma Manibe, kisha Mvara hadi kidato cha nne. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima, na akikosea wimbo hakupunguza.

Alijifunza ushonaji mjini Arua. Mwaka 1999 aliolewa na Bwana Acidri, wakajaliwa binti, Prossy. Mwaka 2008, baada ya kumzika mtoto wao mchanga, Scovia alianza kusikia sauti ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Aliacha kulala, akawa anatembea barabarani bila viatu. Ndoa ikavunjika. Tulimpeleka kwenye maombi, na hatimaye hospitalini.

Wodini, kitanda cha jirani kilikuwa cha Ruqaiya, mjane wa Koboko, naye mgonjwa wa akili. Scovia alikuwa anasukuma chakula kando, hataki kula. Siku moja Ruqaiya naye akaweka sahani yake chini. "Kama wewe hapana kula, mimi pia hapana kula," alimwambia. "Na mimi iko na njaa sana!" Scovia akacheka, akala.

Walipopata nafuu walihamia Koboko, wakapanga nyumba moja, wakashona kanzu na magauni ya harusi. Dawa walimeza pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake. Sauti ziliporudi, Ruqaiya ndiye aliyetambua mapema na kumpeleka kwa daktari. Tulikwenda kumrudisha Manibe, akakataa. "Huku iko mutu yangu," alisema.

Prossy alilelewa kwa baba yake na aliogopa kumtembelea mama. Mwaka 2021 alikwenda kwake Koboko kupimwa gauni lake la harusi. Alidhani atarudi jioni. Akakaa wiki nzima.

Mwaka jana Scovia alipatikana na saratani ya matiti. Ruqaiya alimwogesha na kumlisha mpaka alipofariki tarehe 11 Februari 2025, akili yake ikiwa timamu, akiuliza nani atamalizia gauni la bibi harusi wa Jumamosi.

Ameacha mama, binti, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake, na Ruqaiya. Asubuhi hii Ruqaiya alikuwa ameketi nyuma, na wageni. Mama alimfuata, akamshika mkono, akamleta mbele. "Kitanda ya Scovia iko," alimwambia. "Wewe kuja kukaa na mimi."

Mungu amlaze dada yetu mahali pa amani.