Mzee Thelathini na Saba na Dawa Iliyokataa Kuyeyuka

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi vyuma na fundi cherehani. Dada yake, ambaye yuko nasi hapa, anasema alikuwa mtoto wa kukoroga chai mpaka inapoa, akichungulia sukari inakwenda wapi. Mama yao alikuwa akimwambia, "We baba, chai inanywewa, haisomwi!"

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari hadi 1980. Mwaka 1983 alipata cheti cha ufundi wa maabara. Hakuendelea zaidi ya hapo, ila wenye shahada zao walimuuliza yeye kwanza, vitabu baadaye.

Tarehe 9 Januari 1984 aliajiriwa kwenye kiwanda cha dawa, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, na hakuhama chumba hicho maisha yake yote. Humo mna vyombo sita vya kioo vilivyozama kwenye beseni la maji ya moto. Kidonge kinadondoshwa, kijiti kinakoroga taratibu, wanapima kimeyeyuka kiasi gani. Maji lazima yawe na joto la mwili wa mtu, nyuzi thelathini na saba. Yeye alikuwa akigusa beseni kwa kiwiko na kutaja namba kabla kipimajoto hakijasema, na ndipo wenzake walipompa jina la Mzee Thelathini na Saba. Hata mjukuu wake wa mwisho alipozaliwa, alikuja akachovya kiwiko kwenye beseni la kumwogeshea. "Thelathini na tisa. Mama, unamwogesha au unampika?" Mkwewe, mama wa mtoto huyo, alileta kipimajoto ili amshinde. Kilisema thelathini na tisa.

Tangu mwaka 2009 alishughulika na dawa moja tu, ya kumeza, ya watoto wenye mapunye sugu. Ilikuwepo zamani, lakini haikuyeyuka vizuri, kwa hiyo kidonge kilikuwa kikubwa kama kifungo cha koti na sehemu kubwa ilipita tumboni na kutoka ilivyoingia. Alikuwa akisema, "Kumeza si kutibiwa. Dawa isiyoyeyuka ni mgeni aliyefika mlangoni akageuka." Kwanza waliisaga mpaka ikawa laini kuliko unga, ikaelea juu ya maji, kavu, kama vumbi juu ya dimbwi. Mwishowe waliiyeyusha kwa moto pamoja na kitu kingine kinachopenda maji, wakaipoza ghafla. Alitueleza mezani kwamba chembe za dawa ni kama watu kwenye foleni: ukiwapa muda wanashikana mikono, hupiti, ukiwashtua wanatawanyika, maji yanapenya. Tatizo ni kwamba ikikaa kwenye kopo, polepole, zinarudi kushikana. Kwa hiyo tarehe 6 Oktoba 2020 alifunga makopo na kuyaweka kabatini, ya kufunguliwa moja moja na kupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Yakifika miezi thelathini na sita, dawa ilitakiwa bado iyeyuke themanini katika mia ndani ya nusu saa. Hapo ndipo ingeandikwa kwamba inadumu miaka mitatu.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na mama yetu, aliyekuwa mpokea simu wa kiwanda hichohicho. Mama anasema Baba alimpigia simu za kazi miezi minane, zote za kuuliza saa ngapi, na chumba chake kilikuwa na saa mbili ukutani.

Tarehe 20 Februari 2023 aliambiwa ana saratani ya kongosho. Alipungua haraka, kwa kuwa chakula hakikumshika. "Tumbo langu limegoma kama dawa zangu," alisema. Alikwenda kazini mpaka Julai. Baada ya hapo alikuwa akihesabu miezi ya makopo, si yake.

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba, makopo ya mwisho yalifunguliwa. Jioni mwenzake wa maabara, mama waliyefanya kazi pamoja miaka kumi na minne, alikuja wodini alikolazwa Baba. Mkwewe yuleyule alimkuta kwenye korido akiwa na karatasi ya majibu, akaona uso wake, akamwomba, "Dada, mwambie imepita. Atajuaje?" Wakaingia.

"Imepita, mzee wangu."

"Ngapi?"

Yule mama akaitazama karatasi. Hakuwahi kumdanganya namba.

"Mama, ngapi?"

"Sabini na moja."

"Basi haijapita." Akapumzika kidogo. "Mwezi wa ishirini na nne ilikuwa ngapi?"

"Themanini na sita."

"Basi andikeni miaka miwili. Mtoto wa mapunye anasubiri miaka mitatu ya nini?" Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe, siku ukiandika habari zangu, usinipitishe."

Hayo ndiyo yaliyotokea, na ndivyo yalivyoandikwa. Dawa itapelekwa kuombewa kibali ikiwa imeandikwa kwamba inadumu miaka miwili.

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne asubuhi. Hakuwa amefungiwa mashine yoyote ya kupima moyo. Mkwewe alikuwa amemshika mkono, akaugusa kwa kiwiko, kama alivyofundishwa. Haikuwa thelathini na saba.

Ameacha mjane, dada yake mkubwa, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu wanne. Mdogo kuliko wote ana miezi saba na leo asubuhi ameogeshwa kama kawaida, kwa maji yaliyopimwa.

Baba, tumeandika namba ilivyokuwa. Pumzika, na amani iwe nawe.