Stoo ya Mama Mukandekezi, Ambako Mafundi Tulitulia

Baada ya miaka ishirini na saba ya kutunza stoo ya gereji yetu hapa Gatsata, Mama Mukandekezi anastaafu Ijumaa hii. Alianza kukiwa na mafundi watatu na jeki moja. Leo tuko kumi na tisa, na hakuna spana iliyowahi kumpotea. Nimepewa mimi Kagabo niandike, kwa sababu hapa hakuna anayejua habari kunishinda.

Niliwahi kuinua injini ya lori kwa mkono mmoja. Mashahidi wapo, ingawa wengi wamehama. Lakini siku gari lilipoteleza kwenye jeki likatua karibu na sikio langu, mwanaume huyo huyo alishindwa kuingia tena chini ya gari. Nikilala tu chini, moyo unadunda, jasho linatoka, ninatambaa kurudi nje. Nikasema ni malaria. Wenzangu wakawa wananiuliza hiyo malaria inapenda magari kwa nini. Bosi akaanza kutafuta fundi mwingine.

Mama hakuniuliza kitu. Aliniita stoo, akanimwagia debe zima la nati zilizochanganyika, nizipange kwa ukubwa. Siku ya tatu, mikono ikiwa kazini, mdomo ukafunguka wenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kagabo, hiyo si malaria. Ni woga, na woga una daktari wake."

Nikakataa kwenda hospitali. Nikae kwenye foleni ile ya wagonjwa wa akili, shemeji zangu wakipita? Hakubishana. Alimbembeleza bosi mwezi mzima, mpaka Silvère, mshauri wa afya ya akili, akaruhusiwa kukaa stoo kila Jumatano. Anayemtaka anaingia kama anayefuata bolti.

Nilifuata bolti Jumatano saba. Ya nane nikaingia chini ya gari, na kazi yangu nikabaki nayo. Siku hizi hata madereva wa stendi ya Nyabugogo wanakuja kutafuta bolti ambazo magari yao hayana.

Bosi ameahidi Jumatano zitaendelea. Sawa. Lakini Mama alijua mtu hakulala usiku kwa kusikia tu alivyoomba spana, na hilo Silvère hajasomea. Tangu Jumatatu ninapita pale mlangoni pa stoo bila kuhitaji kitu.

Mama, asante. Nenda nyumbani Kabuga, wajukuu wakuchoshe vizuri, afya isikutoke. Na nikuambie mbele ya wote: bado ninaogopa kila asubuhi, kisha ninaingia chini ya gari.