Nilishukuru Kabla ya Miezi Mitatu

Bwana asifiwe, wapendwa! Leo mniitikie polepole. Mara ya kwanza niliposimama hapa mlinipigia vigelegele, kumbe nilikuwa nimekurupuka.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, nasi tulikaa Nakwa. Elia wangu alikuwa na miezi saba, ananyonya. Asubuhi moja nilijikata kiganja kwa mundu nikikata majani ya ng'ombe. Mchana wake jirani yangu akashikwa uchungu ghafla, gari hakuna, nikampokea mtoto wake kwa mikono hii, damu mpaka kwenye viwiko. Siku nne baadaye akaniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Mama Elia, nisamehe. Mimi nina virusi. Nenda kapime."

Ndugu zangu, niliogopa! Kesho yake nikapima. Mshauri akasema sina maambukizi, akaendelea kueleza mengine, lakini mimi akili ilishafika nyumbani. Jumapili nikasimama mbele yenu. Jirani sikumtaja, ila nikatangaza kwamba Bwana ameniepusha na UKIMWI. Mkaimba mpaka vumbi likatimka!

Baada ya ibada, muuguzi mmoja tunayesali naye akanivuta nyuma ya kanisa.

"Mama Elia, umewahi mno. Kipimo chetu hakioni virusi vyenyewe. Kinaona kinga ambayo mwili unatengeneza kupambana navyo, na hiyo huchukua wiki kadhaa. Jibu ulilopewa ni la siku za nyuma, halijafikia ile damu uliyoigusa wiki hii. Rudi miezi mitatu ikitimia."

"Na Elia anayenyonya?"

"Kama unavyo, vinaweza kupita hata kwenye maziwa." Siku ile ile nikamwachisha.

Jamani, miezi ile! Maziwa yalinijaa yakaniuma, na mtoto analia akivuta gauni langu. Nilimpa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, anatema. Baba Elia nilimweleza yote, akasema, "Basi tutasubiri wote." Akahamia kitanda kingine. Wamama wakiniuliza mbona nimemwachisha mapema, nilicheka nikasema ananing'ata. Ningewaambiaje, na mlishaniimbia? Nikikohoa, nilijiona maiti. Nikitoka jasho, najipapasa shingo natafuta matezi. Nilimwomba Mungu anichukue mimi amwache Elia, halafu nikaogopa asije akakubali.

Miezi mitatu ikatimia. Nilikaa kwenye benchi la hospitali, nikachomwa kidole, nikasubiri. Yule yule muuguzi akaniita.

"Huna, Mama Elia. Sasa ndiyo huna."

Nikamuuliza mara tatu. Sikupiga kigelegele, nilikaa chini sakafuni nikalia. Jioni nikampa Elia titi. Maziwa yalikuwa yameshakauka, naye akageuza uso akataka kikombe chake. Niliumia, lakini mwanangu alikuwa mzima!

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeniponya kwa mdomo wa jirani. Angenyamaza, nani angejua? Alikuwa na siri ya kumwaibisha mbele ya mtaa mzima, akaitoa ili mimi na mwanangu tupone. Siku hizi ukiguswa na damu kimbia hospitali siku hiyo hiyo, dawa za kuzuia zipo, ila hazingoji zaidi ya siku tatu. Mtumaini Bwana, upime, na ukiambiwa rudi, rudi! Ushuhuda wangu wa kwanza naufuta mbele yenu. Kama kuna aliyeusikia akapima mara moja tu akatulia, kesho asubuhi tuongozane. Nitakaa naye kwenye lile benchi.