Nywele za Wendell

Jumamosi ile ya Novemba 1905, tramu ya kwenda uwanja wa chuo ilijaa kana kwamba Ohio nzima imealikwa kwenye mechi ya mwisho ya futiboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kubeba mpira na kugongana. Mbele yangu alikaa mama mmoja na kikapu cha chakula. Kando yake, mzee mwenye utepe wa chuo kofiani, alikuwa na sauti ya watu watatu.

"Msimu mzima hatujafungwa, mama! Leo tunawasaga."

"Mwanangu Wendell anacheza. Naogopa, bwana. Magazeti yanasema vijana wanakufa uwanjani."

"Wa vyuo vingine hao! Wetu wamefuga nywele tangu kiangazi, vichwa kama vichaka. Unadhani ni urembo? Wakigongana vichwa, zile nywele ndizo godoro lao. Kofia ya ngozi ya kukinga kichwa wanasema ni ya waoga."

Mama aliinua uso. "Na zikikatwa?"

"Mjinga gani akate nywele katikati ya msimu?" Mzee alicheka peke yake, kwa raha zake.

"Jumapili iliyopita alikuja nyumbani. Nikamwambia kanisani huingii na kichwa hicho. Nikamkata mwenyewe, kwa mkasi wangu wa kushonea. Wala hakunibishia."

"Anacheza wapi?"

"Katikati. Anasema wenzake humsukuma mbele, kichwa kwanza, kwenye ukuta wa wapinzani."

Mzee alivua kofia yake yenye utepe. Akaishika magotini.

Tulifika mechi imeshaanza. Uwanja ulikuwa ukinguruma, kisha ghafla ukanyamaza wote. Mama alishuka kabla tramu haijasimama. Kikapu kilibaki kwenye kiti.